Kuondoa kifusi cha ukarabati Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kukodi tipa au kontena

Ukuta uliosimama unaonekana mwembamba. Ukishalala chini, unafunika nusu ya uwanja, na fundi aliyesema "kifusi kidogo tu" anaanza kutafuta gari saa kumi jioni kwa bei yoyote atakayotajiwa. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba au msimamizi anayebomoa kuta, sakafu, dari au choo cha ndani jijini Dar es Salaam, anayetaka kifusi kiondoke mara moja, kifike panapofaa, na kisimle pesa ya vigae vipya.

Kabla ya gari lolote, lishike hili: gharama yako inaamuliwa zaidi na usafi wa kifusi kuliko aina ya gari. Kifusi kisafi, yaani tofali, zege, lipu, mawe na mchanga mtupu, kinatafutwa kila siku mjini hapa. Watu wanajazia misingi, wananyanyua viwanja vinavyotuamisha maji, wanaziba mashimo ya njia za mtaa. Ukichanganya humo jipsamu, mbao, nailoni, waya na masinki, hakuna atakayekipokea tena. Kimeshakuwa taka, na taka zinakwenda dampo kwa gharama yako, kilomita zote hizo hadi Pugu Kinyamwezi.

Hatua ya 1: Kadiria ujazo na uzito

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tusiende haraka. Unahitaji namba mbili, ujazo na uzito. Ujazo unakuambia kama kifusi kitaenea kwenye bodi. Uzito unakuambia kama gari litakibeba bila kuvunja springi. Kwa kifusi cha tofali na zege, uzito ndio unaofika kikomo kwanza kwenye magari madogo.

Chukua mfano wa chumba kimoja. Ukuta wa tofali za nchi 6, urefu mita 4, kwenda juu mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 12. Unene wa tofali ni sentimita 15, ongeza lipu ya sentimita 1.5 kila upande, jumla sentimita 18. Zidisha 12 kwa 0.18, unapata mita za ujazo 2.16 za ukuta uliosimama. Ukuta wa tofali za saruji na lipu yake una uzito wa takriban tani 2 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo huo ni mzigo wa tani 4.3. Mlango na madirisha unayatoa kwenye eneo kabla ya kuzidisha.

Kikivunjwa, kifusi kinavimba kwa sababu ya nafasi kati ya vipande. Zidisha kwa 1.5. Mita 2.16 zinakuwa 3.2. Uzito haubadiliki.

Sasa sakafu ya chumba hichohicho, mita 4 kwa 4, yenye vigae vilivyolazwa juu ya tabaka la saruji na mchanga. Kigae na tabaka lake vikiwa na unene wa sentimita 4, una mita za ujazo 0.64, uzito wa tani 1.3 hivi, na vikishavunjwa vinachukua karibu mita 1 ya ujazo. Jumla ya ukuta na sakafu ni mita za ujazo 4.2, tani 5.6.

Dari ya jipsamu ya chumba hicho haifiki kilo 200. Ni nyepesi, lakini inakula nafasi, na haitakiwi kuingia kwenye hesabu ya kifusi kisafi. Iandike pembeni.

Kama kifusi kitakaa nje msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, au wakati wa vuli, ongeza uzito. Mchanga na lipu iliyosagika hunyonya maji kama sifongo, na gari lililotosha juzi halitatosha leo.

Hatua ya 2: Chagua gari au kontena

Guta la matairi matatu na Kirikuu, yaani pikapu ndogo, ndiyo magari yanayopatikana kirahisi zaidi kwenye kona ya mtaa, na ndiyo yanayoonekana rahisi. Tazama hesabu. Kirikuu ya kawaida imetengenezwa kubeba kilo 350. Bodi yake ina ujazo wa takriban mita 0.8, kwa hiyo ukiisawazisha kwa kifusi cha tofali umeweka karibu tani 1, mara tatu ya uwezo wake. Springi zinalala, usukani unakuwa mwepesi kwa kuwa pua ya gari inanyanyuka, na breki hazishiki vizuri kwenye mteremko. Ukibeba kwa haki, kile chumba cha mfano kinahitaji tripu 16. Kirikuu inafaa kwa choo kimoja, kwa vigae vya jikoni, au kwa mtaa ambao gari kubwa halipiti kabisa.

Canter ya tani 3 au 4 ndiyo gari la kati, linaingia mitaa mingi ya Sinza, Tabata au Mbagala bila ugomvi. Fuso ya tipa, inayobeba kama tani 7, ndiyo inayofaa zaidi kwa ukarabati wa kawaida. Tipa la tairi 10 ni la kubomoa nyumba nzima, na linataka barabara pana na ardhi ngumu.

Usiamini jina la gari. Chukua futi kamba upime bodi mwenyewe, kwa ndani. Bodi ya urefu wa mita 3.5, upana 2.1 na kina sentimita 60 inabeba mita za ujazo 4.4 ikisawazishwa. Halafu omba kuona kadi ya gari: imeandikwa uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukitoa wa kwanza kwenye wa pili umepata mzigo halali. Dereva mwenye gari zima hakatai kuionyesha.

Kontena la wazi, lile linaloletwa na lori lenye minyororo au ndoano, likaachwa uwanjani kwako na kurudiwa likijaa, lina faida moja kubwa: kifusi kinashikwa mara moja tu. Kwa tipa, vibarua wanabeba kutoka ndani hadi kwenye lundo, kisha wanabeba tena kutoka kwenye lundo hadi garini. Kama ubomoaji utachukua siku tano au zaidi na una nafasi uwanjani, kontena linaokoa nguvu kazi. Kama unabomoa kwa siku moja na vibarua wako tayari, tipa ni nafuu zaidi.

Makontena ya mita za ujazo 6 hadi 8 ndiyo ya kifusi kizito. Yapo makubwa kuliko hayo, na ubaya wake ni kwamba yanashawishi. Kontena la mita 15 likijazwa zege na tofali linafika tani 20, lori linashindwa kulinyanyua, na unalipa vibarua kupunguza ulichokwishalipa kujaza. Makontena makubwa ni ya mbao, dari, makabati na vifungashio.

Hatua ya 3: Jua kifusi kinakwenda wapi kabla hakijatoka

Dereva akikuambia "usijali bosi, pa kumwaga papo," ndipo pa kujali. Kifusi kingi cha jiji hili kimeishia kwenye mitaro na mabonde, na Bonde la Msimbazi linalipa gharama hiyo kila mvua kubwa: mto unakosa pa kupita, na maji yanaingia kwenye nyumba za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au za kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kifusi chenye vigae vyako, karatasi zako na jina lako kwenye boksi la feni hakishindwi kufuatiliwa hadi mlangoni.

Kwa kifusi kisafi, tafuta mpokeaji wiki moja kabla. Waulize mafundi wanaojenga jirani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na watu wenye misingi iliyosimama ikisubiri kujazwa. Nenda ukapaone, uhakikishe mwenye kiwanja ni yeye kweli, na mwandikishane kwa ufupi: tripu ngapi, kifusi cha aina gani, siku gani. Mpokeaji wa karibu anapunguza mafuta, na wakati mwingine anakubali kulipa nusu ya gari.

Kwa taka zilizochanganyika, zungumza na ofisi ya mazingira ya halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Huko ndiko utakakopata utaratibu wa dampo, ada, na majina ya wazoaji walioidhinishwa. Kama ukarabati unagusa kuta na mpango wa nyumba, ofisi hizohizo zinahusika na kibali cha ujenzi, kwa hiyo maliza yote safari moja. Ukitaka kuweka kontena au lundo barabarani, hata kwa usiku mmoja, ulizia ruhusa mapema. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa jirani haitoshi. Kwa msomaji aliye Kenya, mbebaji wa taka anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Iombe uione kabla ya kukubaliana bei.

Hatua ya 4: Patana kwa maneno kamili

Neno "tripu" peke yake halina kipimo. Mapatano yaseme ujazo wa bodi kwa mita za ujazo, kiasi cha kujaza (kusawazisha na ukingo au chini yake), nani anapakia, gari litasubiri saa ngapi bila malipo ya ziada, kifusi kinamwagwa wapi, na nani analipa ada ya dampo. Kwa kontena ongeza idadi ya siku, malipo ya kila siku inayozidi, kikomo cha uzito, na vitu visivyoruhusiwa ndani. Andika kwenye ujumbe wa simu, mwenye gari ajibu "sawa". Lipa sehemu gari likifika na sehemu likirudi na uthibitisho: risiti ya dampo, au picha ya mahali lilipomwaga ikiwa ni kwa mpokeaji wako.

Bei ikiwa chini sana kuliko wenzake wote, jiulize mafuta ya kwenda mbali yanatoka wapi. Mara nyingi hayatoki, kwa kuwa gari haliendi mbali.

Hatua ya 5: Andaa uwanja

Pima geti. Fuso ina upana wa karibu mita 2.3 hadi 2.5 bila vioo vya pembeni, kwa hiyo geti la mita 3 linapitika kama gari linaingia limenyooka. Kama njia ya mtaa ni nyembamba na dereva lazima akate kona getini, hata mita 3 hazitoshi.

Kisha tafuta vilivyozikwa. Nyumba nyingi za Dar zina shimo la maji taka na chemba zake ndani ya uwanja, na wakati mwingine pevingi zimepita juu yake hadi hakuna anayekumbuka lilipo. Mfuniko wa shimo hilo umejengwa kubeba watu na pengine gari dogo. Fuso iliyopakia ina zaidi ya tani 10 kwa jumla, na tairi zake za nyuma zikipita pale, mfuniko unazama pamoja nazo. Fuata bomba la choo kutoka ukutani, tafuta chemba, weka alama ya chokaa au matawi kuzunguka shimo lote, na dereva aonyeshwe kabla hajaingia. Fanya hivyohivyo kwa bomba la maji kutoka mita ya DAWASA. Mara nyingi limefukiwa kina kifupi.

Tazama juu pia. Bodi ya tipa ikinyanyuka, na lori la kontena likishusha mzigo, vinapanda juu sana kuliko gari lilivyoingia. Waya wa umeme unaokwenda nyumbani kwako ukipita juu ya mahali hapo, sogeza mahali. Tahadhari hii inahusu zaidi upande wa kumwaga, kwenye kiwanja cha mpokeaji, ambako dereva ana haraka na anatazama nyuma.

Kontena usiliweke moja kwa moja juu ya pevingi au sakafu ya saruji. Tandika mbao nene, nchi 2 kwa 6 au zaidi, chini ya reli au magurudumu yake. Mlango wa kontena uelekee upande wa nyumba ili toroli liingie hadi ndani badala ya watu kurusha juu. Na usiku lifunike kwa turubai. Mvua inaongeza uzito. Majirani nao wanaongeza nepi, magodoro na mifuko ya taka za jikoni, na asubuhi kifusi chako kisafi si kisafi tena.

Hatua ya 6: Bomoa kwa mpangilio

Usafi wa kifusi unapatikana wakati wa kubomoa. Baadaye haiwezekani: hakuna kibarua atakayechambua vipande vya jipsamu kutoka kwenye tani tano za tofali, na hata akijaribu, unga wake umeshaingia kila mahali.

Zima umeme kwenye swichi kuu na funga maji. Toa kwanza vyote vinavyoishi tena: milango, fremu, grili, madirisha ya alumini, masinki, makabati, taa. Hivi vina wanunuzi. Pili toa dari na mbao zake, uziweke peke yake. Tatu waya, mabomba na maboksi ya swichi. Nne vigae na sakafu. Ukuta unabomolewa mwisho, ukiwa umebaki tofali na lipu tupu. Kabla ya kupiga nyundo ukuta wowote, fundi athibitishe kwamba haubebi lenta, slabu au paa. Ukuta wa ndani unaoonekana wa kugawa chumba tu unaweza kuwa ndio uliolala mihimili ya paa.

Tengeneza malundo manne uwanjani: tofali na zege, chuma na alumini, mbao, mchanganyiko wa jipsamu, nailoni na mengineyo. Nondo na bati zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Nondo zilizotoka kwenye zege zikatwe fupi, maana zikichomoza kwenye bodi zinachana turubai na tairi, na zinajeruhi watu njiani.

Mbao zinatakiwa zitoke kwenye kifusi cha kujazia kwa sababu ya mchwa. Kipande cha mbao kilichofukiwa chini ya sakafu kinawaita, kikiliwa kinaacha uwazi, na sakafu juu yake inazama na kupasuka baada ya mwaka au miwili. Jipsamu nayo inalainika ikilowa, na ikifukiwa kwenye unyevu na taka zinazooza hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Anayepokea kifusi chako anastahili kujengea juu ya kitu kinachokaa.

Asbesto ni suala la pekee. Bati zake za kijivu, nene, zenye mawimbi makubwa, bado zipo kwenye nyumba za zamani. Usizivunje, usizikate kwa msumeno, usizifagie zikiwa kavu. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na husababisha saratani miaka mingi baadaye. Simamisha kazi hapo, wasiliana na halmashauri au NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) kuhusu namna ya kuziondoa na kuzizika, na wasiingie kwenye kazi hiyo vibarua wa kawaida wenye barakoa za kitambaa. Kwenye kontena au tipa la kifusi zisipakiwe hata kipande. Rangi za mafuta zilizobaki, betri, matairi, mitungi ya gesi na majokofu pia havichanganywi na kifusi.

Hatua ya 7: Pakia

Nyunyiza maji kwenye lundo kidogo, kiasi cha kutuliza vumbi bila kulilowesha. Wapakiaji wavae viatu vigumu, glavu, miwani na barakoa nzuri; vigae vilivyopasuka hukata kama wembe.

Kama tipa ina ubavu unaofunguka, ufungue ili watu wasirushe kifusi juu ya vichwa vyao. Mapande makubwa ya zege yalale chini kabisa, yakitandazwa bodi nzima, kisha tofali, kisha kifusi laini kinachojaza mianya. Mzigo ukirundikwa nyuma, pua ya gari inanyanyuka. Ukirundikwa upande mmoja, bodi ikipandishwa kumwaga gari linaweza kulala ubavu. Acha sentimita 10 hadi 15 chini ya ukingo, kisha funga turubai. Tofali moja likidondoka kwenye Barabara ya Morogoro linatosha kumwangusha mwenye bodaboda.

Watu wanne wenye machepe wanapakia mita za ujazo 5 kwa saa mbili hadi tatu kama lundo liko karibu na gari. Umbali ukizidi mita 15, ongeza matoroli mawili na mtu mmoja. Kutoka ghorofani, tumia viroba vya saruji vilivyojazwa nusu tu. Kikijaa, kinakaribia kilo 50 za kifusi chenye ncha, kinachanika ngazini, na anayekibeba anaumia mgongo.

Hatua ya 8: Fuatilia hadi kimwagwe

Tuma mtu aongozane na gari, angalau tripu ya kwanza. Akapige picha bodi ikiwa imepanda na kifusi kikitoka, pakionekana mahali penyewe. Kama ni kwako mwenyewe, kwa mfano unajazia msingi wa banda la nyuma, vunja mapande yasizidi ukubwa wa ngumi, tandaza tabaka za sentimita 15, mwagia maji na shindilia kila tabaka kabla ya linalofuata. Kumwaga nusu mita kwa mkupuo na kushindilia juu tu kunaacha mianya chini, na zege la sakafu litaifuata.

Gari likishaondoka, pitisha sumaku au fagia misumari getini na njiani mpaka kwa jirani.